Mto Tuliouziba Wenyewe

Wanaosema mto wetu hapa mtaani Soweto East ulifurika kwa sababu ya mvua kubwa hawakuwepo. Nimeona mvua kubwa kuliko ile ya 2008. Mto tuliuziba wenyewe.

Kabla ya fujo za uchaguzi tulikuwa na kawaida yetu. Mawingu ya Machi yakianza, kila nyumba ya ukingoni ilitoa mtu mmoja na jembe, Jumamosi asubuhi, tukazibua kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya daraja la miguu. Uchafu ulipandishwa juu. Ukishikwa ukiusukuma uende kwa jirani wa chini, Jumamosi inayofuata ulichimba peke yako. Msimamizi alikuwa jirani yangu, mama wa chapati, na hakubembeleza mtu.

"Wewe, umekuja kuchimba ama kutuonyesha kucha?"

Januari vijana wa upande wetu wakamfukuza kwa sababu ya kabila lake. Alikimbilia kwa dada yake aliyekaa Kabiro, kule Kawangware, na watoto na godoro moja. Nyumba yake ya udongo, aliyoijenga mwenyewe kwa pesa ya chapati, ikabaki ukingoni.

"Niangalizie nyumba," aliniambia. "Kukitulia nitarudi."

"Utaikuta," nikamjibu.

Wiki hiyo hiyo vijana wakaamua kufunga daraja ili watu wa ng'ambo wasivuke. Walipita kila mlango wakiomba chochote kizito. Mimi nilitoa mabati mawili na kitanda cha chuma kilichovunjika. Hakuna aliyenishikia panga. Niliogopa watu wa ng'ambo, basi. Daraja lilipojaa, vilivyobaki vikatupwa chini, mbele ya kalavati. Niliona.

Wakubwa wa siasa wakapatana, lakini hayo mavitu yakabaki. Machi ikaingia na hakuna aliyetoa jembe. Nikawaendea vijana, mimi na uzee wangu.

"Toeni hivi vitu, mvua inakuja."

"Shosho, wale wakivuka utawapigia makofi?"

"Nitawapiga nyinyi kwanza."

"Huyu shosho anataka udiwani!" Wakacheka, wakarudi kwa karata zao.

Nikashuka mtoni, nikawaita kina mama waliokuwa wakifua ng'ambo. Nikawaambia tutoe pamoja.

"Leo ndio mnatukumbuka?" mmoja akajibu. "Anzeni nyinyi."

"Mko karibu na kalavati. Anzeni nyinyi."

"Tulitupa sisi?"

Nikapanda kurudi nyumbani. Siku mbili zikaisha hivyo.

Ya tatu mvua ilianza saa sita mchana. Kufika saa kumi maji yalikuwa yameacha njia yake, yakapanda upande wetu. Hapo kila mtu alishuka, wa huku na wa kule, na hakuna aliyeuliza nani aanze. Tulivuta mabati kwa mikono mpaka kalavati likapumua. Lakini ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama wa chapati ulikuwa umeshakunywa maji. Ulikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka, na paa likaufuata. Niliokoa sufuria na kikaango.

Sikumpigia simu. Nilienda Kabiro mwenyewe, nikarudi naye. Alisimama kwenye matope akiangalia.

"Nani aliziba?"

"Sisi. Mabati mawili yalikuwa yangu."

"Ulijua maji yakikwama hapo yanakuja kwangu."

"Nilijua."

"Na ukatoa."

"Nikatoa."

Nikamwambia ukuta tutauinua, udongo nitaukanda mimi kwa miguu yangu.

"Ukuta utasimama, mama," akasema. "Lakini nikilala ndani, nimwamini nani huku nje?"

Akachukua sufuria na kikaango chake, akarudi Kawangware. Mpaka leo anapika chapati huko Kabiro. Nikipita ananiuzia kama anavyouzia mtu yeyote.

Machi iliyofuata Jumamosi ya mtoni niliisimamia mimi. Niligonga kila mlango wa ukingoni. Tulikuja wanne.