Upepo wa Matairi Manne

Nimeshtuka mara nyingi kwa sababu ya lile pikapu. Propela shafti imewahi kukatika nikiwa katikati ya mlima. Nyoka amewahi kutoka chini ya kiti nimeshika usukani, na nadhani Kilimarondo nzima ilisikia nilivyopiga kelele. Lakini hakuna kilichonishtua kama siku niliyogusa tairi la mbele, tairi langu mwenyewe, nikalikuta gumu.

Mimi ni fundi magari, nina gereji Nachingwea mjini, na ni mwanamke. Hilo la mwisho nalisema mapema tusipotezeane muda, maana kila mteja mgeni akifika huniuliza, "Dada, fundi yupo?" Namjibu yupo, amekwenda kunawa mikono. Kisha nakwenda kunawa mikono, narudi.

Nyumbani kwetu ni mbele ya Kilimarondo, juu ya mlima, kijiji kidogo cha korosho na ufuta. Barabara inaishia chini. Kutoka hapo kuna miamba mitatu, mmoja juu ya mwingine, na mtu anapanda akijishika kwa mikono. Miaka sita iliyopita dada yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa huko juu, mvua inanyesha. Mimi nilikuwa nimekwenda kumwangalia. Baba alisema tungoje mvua ikatike, maana mawe yakilowa wabebaji watateleza na kuanguka naye. Tukangoja toka asubuhi mpaka alasiri. Wakamteremsha kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanane, baba akiwa mmoja wao. Dada alifia kwenye mwamba wa pili, na mtoto tumboni.

Sikumlaumu baba. Yaani sikumlaumu kwa mdomo. Nilirudi Nachingwea nikaanza kutafuta gari la kupanda mawe.

Pikapu lenyewe nililipata Mkotokuyana kwa mzee mmoja, kuku wanatagia ndani. Injini ya dizeli ilikuwa nzima, chesisi haikuwa imeoza, nikalikokota mpaka gereji. Wenzangu walicheka wakachoka. Nililijua gari la kawaida, lakini la mawe sikulijua, kwa hiyo nikapanda basi kwenda Ruangwa kwa fundi mmoja aliyekuwa akiwatengenezea magari watu wanaoshusha mawe ya machimbo milimani. Mtu mfupi, mkali, hana salamu ndefu.

"Sahau mbio," aliniambia. "Juu ya jiwe gari litembee kama kinyonga."

Nilikwenda kwake mara nyingi mwaka ule. Alinionyesha kuinua bodi kwa springi za lori lililokufa, ili tumbo la gari lisikwaruze. Tulikata bampa ya mbele ili tairi ndilo liguse jiwe kwanza. Tulichomelea bamba la chuma chini ya injini. Tukachomelea na difu ya nyuma, ili tairi moja likining'inia hewani lile lingine lisiache kuzunguka. Siku nzima tulishughulika na silensa, yaani ule mungurumo wa injini ikiwa haijakanyagwa mafuta, tukiishusha na kuipandisha kidogo kidogo, mpaka gari likaweza kutambaa lenyewe kwenye giya nzito bila kuzima na bila kuruka. Nilikuwa nimejaa furaha. Nikafikiri tumemaliza.

Fundi akachuchumaa, akabonyeza valvu ya tairi, upepo ukaanza kutoka. Nikamwambia, "Fundi, unaniharibia!" Aliutoa mpaka ubavu wa tairi ukavimba kwa nje.

"Tairi gumu linadunda juu ya jiwe na kuteleza," akasema. "Tairi laini linalikumbatia. Hayo mengine yote tuliyofanya ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni huu upepo. Kabla hujaondosha gari, gusa yote manne kwa mkono. Kila mara."

Siku niliyopanda miamba mitatu kwa mara ya kwanza, kijiji kilitoka chote. Vigelegele, watoto wanagusa chuma kilichopata moto, mjumbe anataka kupigwa picha ameegemea mlango. Mama alilia. Baba hakutoka. Nilimkuta uani anapepeta ufuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefika?"

"Nimefika."

"Na gari?"

"Na gari."

"Haya," akasema, akaendelea kupepeta.

Niliumia sana. Kwetu mgeni akija na baiskeli, ameibeba begani kwenye miamba, mwenyeji huamka kabla yake, akaipangusa vumbi na kuijaza upepo. Mgeni akiondoka na tairi laini ni aibu ya nyumba nzima, watu watasema amelala kwa watu wa namna gani. Baba alikuwa akiwafanyia hivyo mpaka wanunuzi wa ufuta wanaompunja. Lakini gari langu, lililofika mahali ambapo gari halikuwahi kufika, hakuligusa hata kwa kidole. Nilipanda mara ya pili, hakuligusa. Mara ya tatu, vilevile. Nikajiambia ni kiburi. Nilijua pia kuna jambo jingine, kwamba gari lile lilikuwa maneno yangu kwake, nimeyaegesha mlangoni pake, lakini hilo sikutaka kulifikiria.

Mwaka jana mvua zilipoanza kupungua, jirani alipanda mahali penye mtandao akanipigia. Mama ameteleza na ndoo ya maji. Mguu umevunjika pajani, umevimba, ana homa. Niliacha gari la mteja limefunguliwa injini, nikaondoka. Nilifika chini ya mlima alasiri, nikapunguza upepo matairi yote manne, nikapanda. Nilipofika jua lilikuwa linazama, na kuteremka miamba ile bila kuona vizuri ni kujiua. Tukamfunga mama mguu kwa vibao na khanga, nikalala pembeni yake. Nililala kama gogo, nasema kweli.

Asubuhi tulimweka mama kwenye godoro nyuma ya pikapu. Baba akakaa naye, amempakata kichwa. Mama alikuwa anauma ncha ya khanga asilie. Macho yangu yalikuwa kwenye ule mguu wake, nikakaa kwenye usukani, nikawasha. Sikugusa tairi hata moja.

Mwamba wa kwanza niliona gari linadunda. Nikafikiri ni mzigo wa nyuma. Mwamba wa pili, ulikuwa na unyevu, nikaweka giya nzito nikaliacha litambae. Halikutambaa. Liliteleza. Si mbele, bali ubavuni, kuelekea korongoni, na mimi nimeshika usukani usiokuwa na kazi yoyote. Nilisikia mama akipiga yowe. Gurudumu la mbele kulia likainuka, mbingu ikajaa kwenye kioo, kisha ubavu wa nyuma ukagonga kisiki cha mti uliootea kwenye ufa, gari likasimama limelala upande.

Nikavuta breki ya mkono. Nikashuka kwa kujishika mlango. Nilikagua springi, nzima. Nikachungulia difu, nzima. Mwaka mzima wa kazi, kila kitu kizima, na mama yangu ananing'inia juu ya korongo. Nikaegemea tairi la mbele kwa kiganja.

Gumu. Gumu kama jiwe lililokuwa chini yake. Nikakimbilia la nyuma. Gumu. Sikuelewa. Nilijiona mimi mwenyewe jana nikiutoa ule upepo.

"Nani amejaza upepo?" nikauliza.

Baba akanitazama kutoka juu, kichwa cha mama mapajani pake.

"Mimi," akasema.

Sasa nitasema nililosema, maana nikilificha sina sababu ya kuandika haya. Nilimpigia baba yangu kelele, mzee wa watu, mbele ya mkewe. Nilisema, "Ulimuua dada hapahapa. Sasa unataka kumuua na mama?"

Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine, na nikashtuka kuliko nilivyoshtuka gari lilipoteleza. Miaka mitano sikuwahi kulitamka hilo, hata peke yangu.

Baba alikiweka kichwa cha mama juu ya godoro taratibu, akashuka upande wa mlimani, akasukuma mawe mawili chini ya magurudumu. Akavunja kijiti, akachuchumaa kwenye tairi la mbele, akafungua kifuniko cha valvu akabonyeza. Upepo ukaanza kulia.

"Utaniambia pakitosha," akasema. Hakunitazama.

Nikamwambia pakitosha, mara nne. Kisha nikarudi kwenye usukani, nikaachia breki, na gari likashika jiwe. Likatoka kwenye kile kisiki likashuka mwamba wa pili na wa tatu kama kinyonga, vile alivyotaka fundi wa Ruangwa. Kilimarondo tukajaza upepo kwa fundi pancha mwenye mashine, kwa ajili ya barabara, na baba alisimama mbali kabisa na matairi, mikono nyuma.

Hospitalini walimpokea mama, wakaunyoosha mguu na kuufunga. Daktari alisema tumewahi, atatembea, labda kwa fimbo. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia mpaka mwanamke mmoja nisiyemjua akanipa leso. Kisha nikaingia wodini.

Mama alikuwa macho. "Umemwomba radhi baba yako?" akaniuliza.

"Bado."

"Nilimsikia tangu kabla ya adhana ya alfajiri," akasema. "Aliazima pampu ya pikipiki kwa jirani. Anapiga, anapumzika, anapiga. Anahesabu kwa Kimwera. Mpaka jua limetoka. Nikamwambia, mume wangu, utakufa, gari si baiskeli. Akaniambia, leo mtoto wangu ananibebea mke. Hawezi kuondoka kwangu na matairi laini, watu wakasema hana baba."

Mimi ni fundi. Najua tairi kama lile linakula pampu ngapi za mkono. Nikaifanya ile hesabu kichwani, mara nne.

Nilinunua chai, nikaenda nje alikokaa, kwenye kivuli cha ukuta. Nikampa kikombe. Alikipokea kwa ncha za vidole, akakishika vibaya, akakiweka chini haraka. Ndipo nilipoona viganja vyake. Baba yangu ameshika jembe tangu hajaota ndevu. Viganja vyake ni vigumu, akikushika mkono unahisi kama umeshika ubao. Vilikuwa vimetoka malengelenge, mengine yamepasuka, nyama inaonekana. Vile viganja alivyokuwa amevificha nyuma kule Kilimarondo. Na ndivyo alivyobonyezea valvu, nikimhesabia tairi kwa tairi.

Nikapiga magoti pale chini mbele ya watu. "Baba, nisamehe."

"Sikujua kama yanatakiwa laini," akasema. "Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza, baba."

Akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya chumvi:

"Lile la dada yako. Umelisema kwa hasira, au ndivyo unavyoamini siku zote?"

"Ni hasira, baba," nikasema.

Lakini nilichelewa kujibu. Kidogo tu, kiasi cha pumzi moja, na yeye alikuwa ananitazama.

"Haya, mwanangu," akasema. Akainama akakiinua kikombe kwa ncha za vidole, akanywa chai yake.