Sauti ya papa kwenye foni

Juzi jirani yangu alinisomea habari kwenye simu yake: siku hizi mashine inaweza kuiga sauti ya mtu yeyote. "Hata mutoto wako akikupigia, usimuamini," aliniambia. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kule mtaani Kadutu, ndani ya chumba kilichonuka mafuta ya jenereta na samaki wakavu.

Papa, yaani baba yangu, alikuwa mbali Shabunda akichimba dhahabu, na tulikuwa hatujamwona kwa muda mrefu. Mama alinipeleka humo nikaongee naye kwa foni, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, imejaa mikwaruzo. Sikujua kwamba ni umbali ulioiharibu. Nilidhani kuna mtu anajifanya papa.

"Salimia papa yako," mama alinihimiza.

Nikaamua kumtega. "Kama ni wewe papa kweli, mbuzi yetu inaitwa nani?"

Sauti ikashangaa: "Mbuzi? Tangu siku gani tuko na mbuzi, wee mutoto?"

Hatukuwahi kufuga mbuzi. Nikasogea mpaka midomo ikagusa chuma cha kipaza sauti, nikamuuliza anarudi lini.