Kuni za Kogo Chini ya Lami

Harufu ya majani chai yaliyolowa mvua, ikichanganyika na moshi wa dizeli, bado hunirudisha kwenye kilima cha nyumbani kwetu. Barabara yetu inaachana na ile kubwa pale Kapsoit, inapita Sosiot na kuteremka kuelekea Sondu. Wazee walitueleza kwamba mwanzoni ilikuwa njia ya ng'ombe waliopelekwa sokoni. Chai ilipoanza kupandwa kwenye mashamba madogo, baba zetu waliipanua kwa majembe na sururu ili lori la majani lipite. Kokoto haikuwepo. Mvua ikianza, udongo wake mwekundu uliteleza kama sabuni.

Msimu mmoja wa mvua ndefu, nikiwa bado msichana mdogo, mama alishikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya siku zake. Baba alikuwa kazini mbali. Mkunga, jirani yetu, alisema mtoto amelala vibaya na mama apelekwe hospitali Kericho. Gari lilikuwa lile lori tu, na dereva wake, Ouma, alikuwa mtu wa upande wa ziwa aliyezoeleka kwetu kama ndugu. Walimlaza mama juu ya majani, mkunga akaketi kando yake. Mbele ya boma letu magurudumu yakaanza kuzunguka bila kwenda popote. Wanaume walisukuma mpaka wakafunikwa na tope. Ouma aliteremka, akakitazama kilima.

Hapo Kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya, akafungua kibanda chake cha kuni. Kila nyumba ilihifadhi matawi makavu ya michai iliyopogolewa, ndiyo moto wa msimu wote wa mvua. Yake yalipangwa hadi kwenye paa, na majirani walimtania kwamba anayapenda kuliko wajukuu.

"Kogo, na wewe utapikia nini?" Ouma akauliza.

"Michai itapogolewa tena. Wewe endesha, maswali utauliza ukirudi."

Tukatandika kuni zile kilima kizima. Zilikatika chini ya magurudumu kwa mlio mkavu, lori likapanda polepole, likapotea kwenye ukungu. Jioni hiyo tulikunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, bila ugali, kwa kuwa jiko lilikuwa baridi. Kogo alipiga magoti, nami kando yake, tukaomba hadi sauti zikakauka.

Kesho yake tulisikia honi tangu kwenye kona ya juu. Ouma alitoa kichwa dirishani kabla hajasimama.

"Kogo, ni kijana. Mama yake anakunywa uji, na mkunga anagombana na manesi."

Kogo aliketi pale pale kwenye nyasi zenye maji, akacheka huku akilia. Kufikia jioni kila jirani alikuwa ameleta mzigo wa kuni, na safari hii hakuna aliyemtania. Ndugu yangu akaitwa Kipruto, jina la mtoto wa safari.

Kuni zile zilioza zamani, na juu yake kuna lami. Majuzi binti wa mwisho wa Kipruto alishikwa na uchungu, mvua ikinyesha vilevile. Gari lao lilipita langoni, nami nikapiga magoti mahali Kogo alipopiga. Nilijiandaa kwa maombi marefu, maana ndivyo nilivyofundishwa na kilima kile. Simu ililia kabla sijafika amina. Alikuwa Kipruto, akisema wamefika hospitali, na binti yake yuko na daktari. Sikuinuka. Nilimalizia sala ile ile, ila sasa ilikuwa ya shukrani.