Mdogo Wangu Hakuzoea Kukosea

Wasichana wanaotaka kujiunga na chuo huniuliza nikiwa nawasuka: kozi ya programu ikoje, ni ngumu, hesabu ni nyingi? Nawaambia hesabu si neno. Utakosea kila siku, mbele ya watu, na kompyuta haitakusitiri. Wakicheka naendelea kusuka, kwa sababu jambo hilo hilo ndilo lililoninyang'anya mdogo wangu.

Tulianza pamoja katika chuo kimoja kando ya Jogoo Road, karibu na Makadara. Kusema kweli kozi ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyekuwa na akili nyumbani kwetu Kayole, namba moja tangu darasa la kwanza. Picha yake akipokea zawadi ilitundikwa juu ya televisheni, na mama aliwaonyesha wageni kabla hawajaketi. Mimi nilikuwa msusi niliyefeli mpaka Kiswahili. Mama alinisajili ili mwanawe asiende peke yake.

"Hata ukitoka bure," aliniambia, "utakuwa umemsindikiza."

Sikukasirika. Nilimpenda yule msichana kuliko nilivyojipenda.

Wiki ya kwanza mwalimu alitupa programu fupi ya kuandika: imuulize mtu jina lake, kisha imsalimu. Niliandika, nikabonyeza kuijaribu, skrini ikajaa maandishi mekundu ya makosa. Nilikuwa nimesahau kufunga mabano. Nikafunga, nikabonyeza, mekundu tena. Safari hii nimeruka herufi. Sikuona ajabu. Msusi akiona mstari umeenda upande hufumua akaanza upya. Isitoshe, shuleni nilichapwa kwa kila hesabu niliyokosa, nikafika mahali kukosea kukawa sehemu ya siku, kama kuoga.

Mdogo wangu hakuwahi kuchapwa. Wino mwekundu ulikuwa wa watu wengine, watu kama mimi. Siku hiyo mwalimu alipopita karibu nasi, yeye alifunika skrini yake kwa kiganja.

"Sista, hii kitu imenikataa," alininong'oneza.

"Haijakukataa. Soma, inasema shida iko mstari wa tatu."

"Kwako ni rahisi. Wewe umezoea."

Hakunitukana. Alisema ukweli.

Akarudi kwenye njia aliyoijua, kukariri. Aliandika kila programu ya mwalimu daftarini kwa mwandiko wake mzuri, akaishika hadi nukta ya mwisho, akiisema kimoyomoyo huku anaosha vyombo. Darasani hakubonyeza chochote mpaka awe na hakika, na hakika haikuja. Nilimwambia abonyeze tu, hakuna atakayekufa. Mwalimu naye alimwambia kwamba yeye mwenyewe hukosea kila siku ya Mungu. Alidhani tunambembeleza.

Ikafika siku ya kurekebisha. Kila mmoja wetu alipewa programu iliyoharibiwa makusudi, aitengeneze mbele ya darasa zima huku kazi yake ikionekana ukutani. Yangu ilinishinda mara kadhaa, wenzangu wakanicheka na kunishangilia mpaka ikakubali. Kisha zamu ikawa yake. Programu yake ilikuwa ya kujumlisha bei za sokoni, na jibu lilikuwa linatoka kubwa mno. Aliitazama kwa muda. Halafu akaifuta yote.

Vidole vyake vikaanza kwenda mbio, nami nikajivuna, mpaka nilipotambua anachoandika. Ilikuwa ile ya wiki iliyotangulia, ya alama za wanafunzi, neno kwa neno. Alibonyeza. Hakukutokea wekundu hata chembe.

"Imefanya kazi vizuri sana," mwalimu alisema kwa upole. "Lakini si hii niliyouliza."

Hakuna aliyemcheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alichukua mkoba wake akatoka. Nilimfikia langoni.

"Usinifuate, sista. Enda umalize darasa yako."

Hakurudi tena. Mama aliponiona nikiingia peke yangu kila jioni, alinitazama kana kwamba nimekula chakula cha mwenzangu. Nina hasira hadi leo. Nina hasira na walimu wa shule ya msingi waliompigia makofi miaka yote hiyo bila kumwacha ajikwae hata mara moja. Nina hasira na ile picha, na sisi tulioitundika.

Mwaka uliofuata akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Mimi nilimaliza kozi. Sasa natengenezea maduka programu, na Jumamosi bado nasuka.

Juzi alinipigia akiwa jikoni kwa watu, sauti ameishusha. Nilimuuliza kazi ikoje. Akacheka, kicheko nisichokijua.

"Huyu mama wa hapa ananikosoa tangu asubuhi. Chai si hivi, shuka si hivyo. Narudia, ananikosoa tena. Na sijakufa, sista. Kumbe mtu hafi."



"Rudi basi," nikamwambia. "Kozi bado iko. Nitakaa na wewe."

"Saa hii?"

Kabla sijamjibu nilimsikia mwajiri wake akimwita. Akaitikia haraka, akasahau kukata simu. Nikabaki nimeishika sikioni, nikimsikiliza yule mama akimweleza, bila shaka makosa yake, kwa lugha nisiyoijua, na mdogo wangu akimjibu kila mara kwa sauti yake ile ya shule ya msingi, ya mtoto anayejua jibu.