Siku Nilipokinga Maji ya Mgahawa Masasi

Wapo watu Masasi ambao hawajui jina langu, lakini wakiniona stendi wanaambizana yule pale dada wa ndoo, na sikatai kwa sababu ni kweli, ni mimi. Afadhali niwaeleze mwenyewe, maana mdogo wangu Lusia akisimulia huwa anaongeza masufuria.

Wazazi walitutoka nikiwa darasa la sita. Nikayaweka madaftari (niliyafunga vizuri kwenye mfuko wa mbegu, kana kwamba ningeyarudia), nikashika korosho na mihogo pale kijijini kwetu Mkunya, juu mlimani Newala, nikamlea Lusia na kaka yake, Aidan, mpaka Aidan akawa mwalimu. Siku hiyo mimi na Lusia tulikuwa tunamsindikiza kwenye kituo chake cha kazi Tunduru. Tukashuka Masasi asubuhi, na basi la kuendelea lilikuwa la saa nane, kwa hiyo Aidan akasema tutautembea mji, kisha tutakula mgahawani na shangazi wa Edina, binti anayetaka kumuoa. Huyo shangazi, mwalimu mstaafu, ndiye aliyemlea Edina, na alishasema wazi kwamba barua ya posa haipokei kabla hajamwona aliyemlea kijana. Yaani mimi. Nilikuwa nakwenda kutazamwa.

Tukatembea. Tukaona kanisa la mawe, tukaona yale majabali makubwa yaliyokaa nyuma ya mji, Lusia akataka picha kwenye kila jabali, na kila picha nimetokea na dumu. (Dumu la lita tano, tupu. Mtu wa kwetu juu hateremki kwenye maji bila chombo, nililibeba bila hata kufikiri.) Aidan aliniomba nikaliache stendi, nikamuuliza likiibiwa je, akatangulia mbele.

Mgahawani tulifika mapema. Wenzangu wakakaa, mimi nikaenda kunawa. Sinki lilikuwa palepale ukumbini, na bomba lake linavuja, si matone, ni uzi wa maji kabisa unaoshuka moja kwa moja kwenye tundu, na watu wanakula wameupa mgongo. Nikanawa, nikafunga, uzi ukabaki. Ningekwenda kukaa, mambo yangeishia hapo. Lakini nimechota maji bondeni na kupanda nayo mlima kichwani tangu utoto, miguu ikakataa kuondoka, nikasema ngoja nikaze kidogo.

Koki ikabaki mkononi mwangu.

Maji yakanirukia kifuani. Sasa mtu wa mjini angemwita mwenye mgahawa akafunge huko nje kwenye mita. Mimi hilo halikunijia kabisa. Kwetu maji yakitoka hutafuti pa kuyafungia, unatafuta chombo. Nikakinga dumu, likajaa, nikamwambia Lusia alete ndoo, na Lusia (wa Mkunya huyo, hakuuliza) akaleta ndoo ya jikoni, kisha beseni, kisha majagi ya mezani, kisha sufuria iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya wali, na mimi nabadilisha chombo baada ya chombo, nimelowa mpaka kilemba, nawaamuru wahudumu wa watu kama vile nipo uani kwangu. Wateja wakahamisha viti. Mmoja akatoa simu, akaanza kurekodi. Aidan alikuwa ananiambia, "Dada, acha. Dada, acha," kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayetamani tusingekuwa tunafahamiana.

Mama mmoja mtu mzima, mwenye miwani na gauni la kitenge lililopigwa pasi, akaja kusimama karibu yangu. Nikadhani anataka kunawa.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Shika hili jagi."

Akasema marahaba, akalishika. Lilipojaa nikampa lingine.

Ndipo mwenye mgahawa alipotokea, akatupita, akaenda nje, na maji yakakatika. Ilimchukua muda mfupi kuliko kujaza jagi. Nikabaki nimesimama na koki mkononi, vyombo kumi na vinne vimepangwa sakafuni, na Aidan, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine, akasema, "Shangazi, huyu ndiye dada yangu."

Nilimwomba radhi mwenye mgahawa, akasema koki yenyewe ilikuwa mbovu siku nyingi. Tukala. Shangazi alizungumza na Aidan habari za Tunduru, akamuuliza Lusia habari za kwaya, mimi hakuniuliza kitu. Nguo zilikuwa zinachuruzika chini ya meza, na nilishajua kwamba barua haitapokelewa na sababu ni mimi, kijana niliyemlea miaka yote nimemharibia kwa koki.

Wakati wa kuagana ndipo akanigeukia. "Hivi ulimwaga kiasi gani?"

"Ni pale mwanzo tu, ilipong'oka," nikamwambia. "Mengine yote nilikinga."

Akanieleza kwamba alifundisha Newala miaka sita, na siku aliyofika alipewa maji ya kunawa, akanawa na yaliyobaki akayamwaga nje, na mwenyeji wake hakumsemesha siku mbili. Kisha akainama, akalinyanyua dumu langu lililojaa, akanikabidhi.

"Mama Aidan," akaniita, mimi ambaye sijazaa, "barua ileteni. Ila bomba la kwangu usiliguse."

Sijaligusa, wala la mtu mwingine yeyote. Siku hizi nikiingia mgahawani nikakuta bomba linavuja, naligeuzia mgongo nakula kama wengine, ingawa chakula hakishuki vizuri. Dumu bado nabeba.