Mtihani wa Kilomita Kumi na Nane

Ukimwona mtu wa miaka hamsini akikimbia barabara ya Matinyani asubuhi, kwanza unatazama nyuma yake ujue ni nini kinamfukuza. Nilipoanza mazoezi, mama mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alisimama kando ya njia akaniuliza, "Ni nyuki?" Nikamwambia, "Hapana, mwaitu, ni mazoezi." Akatikisa kichwa, akawaswaga mbuzi wake mpaka upande wa pili wa barabara, kama mtu asiyetaka ugonjwa huo uwashike.

Niseme mapema mimi ni nani. Niliacha shule darasa la sita, si kwa ujinga, karo ilikataa. Nikaanza na punda wa kuazima, nikiuza maji yaliyochimbwa kwenye mchanga wa mto. Leo nina malori matatu ya maji na yadi ya kuuzia matangi, na hakuna ofisi Kitui nzima ambayo nikiingia siletewi kiti. Yote hayo niliyapata bila karatasi hata moja inayosema nimefaulu. Wenzangu walipokuwa wakifanya mtihani wa darasa la nane, mimi nilikuwa namsukuma punda apande kingo za mto. Kwa hivyo ukisikia nilivyohangaika na mtihani ninaotaka kusimulia, usinicheke. Ndio ulikuwa wa kwanza maishani mwangu.

Kikundi chetu cha kukimbia kina watu kumi na wawili, na mkubwa wetu ni mwalimu mwanamke, mwembamba kama fito, anayefundisha shule ya msingi hapa Kitui. Hakuna aliyemchagua. Alianza tu kutuambia simama, nyooka, kunywa maji, nasi tukatii, maana sauti ya mwalimu wa darasa la nne ikishaingia kwa mtu haitoki. Halafu kuna jirani yangu mwenye duka la vitambaa, Mwislamu ambaye babu yake alitoka Mombasa kuja kutembea Kitui akakataa kurudi. Huyu hukimbia taratibu na kuongea haraka. Mwingine ni nesi, kijana wa kiume mzaliwa wa Nunguni. Watu wa kule hujifunza kutembea wakipanda mlima, kwa hivyo barabara yetu kwake ni kama zulia.

Tulikuwa tunajitayarisha kwa mbio za kilomita ishirini na moja kule Wote. Mimi nilijiandikisha siku ya kwanza, na Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani wakati wa ushuhuda nikatangaza. Pasta akaniombea mbele ya watu wote, akamwomba Mungu anipe miguu ya paa. Wateja wangu walijua. Madereva wangu walijua. Mke wangu alijua mpaka akachoka kujua.

Lakini mwalimu alikuwa na sheria yake. Wiki tatu kabla ya Wote, kila mmoja wetu lazima akimbie kilomita kumi na nane, tisa kutoka soko la Matinyani na tisa za kurudi, kwa saa mbili na dakika kumi. Ukishindwa, huendi na sisi, na fulana ya kikundi huvai.

Hakuitunga kwa ukali tu. Mwaka uliotangulia, mwenzetu mmoja, fundi wa redio, alienda mbio bila kujiandaa akazimia kilomita ya kumi na saba. Alipona, na redio anatengeneza mpaka leo, lakini viatu vya mbio hataki hata kuviona.

"Mimi ndiye nilimpigia mke wake simu," mwalimu alituambia, "nikiwa nimeshika kiatu chake mkononi, sijui kama nitamrudishia mwenyewe. Simu kama hiyo sitapiga tena."

Tukainua mikono kukubali. Hata mimi, ninayebishana na trafiki, niliinua wangu.

Mtihani ukapangwa Jumamosi. Sasa sikiliza nilichofanya.

Katika biashara yangu, tangi jipya halitoki yadi kabla halijajazwa maji mpaka juu na kulala hivyo. Likivuja, livuje kwangu, lisivuje kwa mteja. Lori nikinunua, nalijaza maji pomoni, nalipandisha kilima, ndipo naliamini. Nikajiuliza, kwa nini mwili wangu niupeleke kwa mwalimu bila kuupima? Basi Ijumaa alfajiri nikaenda Matinyani peke yangu nikakimbia zote kumi na nane. Saa mbili na dakika nne! Nilirukaruka pale sokoni mpaka mama anayeuza ndizi akaacha kupanga ndizi zake akanitazama. Sikumwambia mtu, nilitaka kuwashangaza kesho yake. Nikarudi nyumbani, nikala muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, sahani mbili, nikaenda yadi kuwasaidia vijana kupakia matangi, maana nguvu zilikuwa bado nyingi.

Jumamosi niliamka miguu si yangu. Nilipoinama kufunga kamba za viatu, paja likaniuliza ninaenda wapi. Nikajiambia itapata moto njiani. Tukaanza wote pamoja. Nesi akapotea mbele kama moshi, mwalimu nyuma yake, na kufikia kilomita ya sita nilikuwa nimebaki na mwenye duka, ambaye siku zote mimi ndiye humwacha.

"Mbona unakimbia kama umevaa gambuti?" akaniuliza.

"Ni joto."

"Joto gani saa moja asubuhi? Hebu sema ukweli, bwana mkubwa."

"Jana nilikuja kujaribu kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Zote."

Alisimama katikati ya barabara. "Zote? Kumi na nane? Jana hii?" Akashika magoti akacheka mpaka mtu wa bodaboda akapunguza mwendo kutuangalia. "Wallahi sijaona. Watu huiba mtihani ili wafaulu. Wewe umeiba mtihani, umeufanya, umefaulu, halafu leo umekuja kuanguka!"

"Nenda," nikamwambia. "Tusianguke wawili."

"Nikuache kweli?"

"Nenda, bwana! Na wewe unapimwa kwa saa."

Akaenda, akigeuka kila mara kuniangalia, na kila akigeuka mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Mimi nikabaki na vumbi. Sikutembea hata hatua moja, hilo liandikwe. Lakini nilikimbia polepole kiasi kwamba kuku mmoja alivuka mbele yangu, akala kitu, akarudi.

Nilifika sokoni kwa saa mbili na dakika kumi na nne. Mwalimu alikuwa amesimama na daftari lake.

"Umeanguka," akasema.

"Mwalimu, jana nilikimbia hizi hizi kwa saa mbili na nne."

"Mtihani wa jana uliusahihisha wewe mwenyewe."

"Muulize huyu mama wa ndizi. Aliniona."

Mama wa ndizi hakungoja kuulizwa. "Ni kweli, nilimwona. Alikuwa anaruka kama mbuzi aliyefunguliwa." Watu wote wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akaniuliza kwa nini nilikimbia jana, nami nikamweleza habari ya tangi, kwa mapana, na mifano. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Tangi halichoki," akasema.

Nikakaa juu ya jiwe. Nesi alikuwa anagawa fulana, za kijani, nzuri, na mimi ndiye niliyechagua rangi. Akaita mmoja mmoja. Watu kumi na mmoja wakavaa palepale juu ya jasho lao. Ya kumi na mbili aliishika kidogo, akanitazama, akasema, "Pole, mzee," akaikunja akairudisha mfukoni. Nilifikiria kanisa. Nilifikiria pasta na ile miguu yake ya paa. Lakini kilichoniuma zaidi ni lile daftari. Mtihani mmoja tu katika maisha yangu yote, na kwenye jina langu kuna msalaba mwekundu.

Nikainuka. "Mwalimu, huko shuleni mtoto akianguka mnamfanya nini?"

"Anarudia."

"Basi nirudie."

Alinitazama kama anayepima kitambaa. Mwenye duka akamwambia, "Mpe, mwalimu. La sivyo ataenda kununua barabara." Mwalimu akafunga daftari.

"Jumamosi ijayo. Lakini wiki hii hukimbii hata hatua moja. Hubebi tangi. Hupandi lori kusaidia mtu. Ukionekana unakimbia, nitaambiwa, na tumemalizana."

Jamani, nimefanya kazi nyingi ngumu. Nimechimba mchanga wa mto mpaka kiunoni kutafuta maji wakati wa kiangazi. Lakini kazi ya kukaa, hiyo nilikuwa sijawahi kupewa. Mke wangu alichukua viatu vyangu vya mbio akavificha mpaka Jumamosi, na hadi leo hajaniambia alivificha wapi.

"Mama, nipe hata nivitazame," nikamwambia.

"Vitazame vya kanisani."

Nikienda yadi, madereva wananiletea kiti. Nikishika kona ya tangi, mmoja anasema, "Bosi, mwalimu ametupigia." Alikuwa amewapigia kweli! Malori yalitoka, yakarudi, maji yakauzwa, na mimi nimekaa nimekunja mikono kama bibi harusi. Ilinikera kidogo kuona kwamba yanaweza kwenda bila mimi.

Jumatano mvua ilinikuta mjini, nikaharakisha kuvuka kwenda upande wa pili wa stendi. Sijafika hata kwenye kibaraza, simu imelia. Ni kikundi chetu cha WhatsApp. Mwenye duka alikuwa ameandika: "Mtuhumiwa ameonekana karibu na stendi, mwendo wa wasiwasi."

Mwalimu akajibu: "Anakimbia ama anatembea?"

"Mguu mmoja ulikuwa chini wakati wote. Namwachilia."

Kufikia Alhamisi miguu ilikuwa inawasha. Ijumaa ilikuwa kama miguu ya mtu mwingine, mtu mdogo kwangu, aliyekula vizuri.

Jumamosi kikundi kizima kilikuja Matinyani, na si kunitakia mema, walikuja kuona sinema. Mwalimu akaninyooshea mkono. "Saa." Nikavua saa nikampa. "Simu." Nikatoa simu. "Katika chumba cha mtihani hakuna saa wala simu. Mimi ndiye msimamizi." Akafunga kamba za viatu vyake, akaanza kukimbia kando yangu.

Sasa hapo ndipo nilipoteseka. Miguu inataka kwenda, na yeye kando anasema, "Polepole." Nikiongeza kidogo, "Polepole." Kilomita ya tatu nikamwambia, "Mwalimu, leo nina nguvu, niachilie." Akasema, "Hizo nguvu si za sasa, ni za huko mbele." Tukageuza kule kwenye tisa, na hakuniambia ni saa ngapi. Nikimuuliza, anakohoa.

Kilomita ya kumi na tano, kile kilima kidogo kabla ya Matinyani, ndipo akasema neno lingine. "Haya." Basi. Haya tu. Na mimi nikafungua. Sijui nieleze vipi. Nilipanda kile kilima kama lori tupu. Nilimsikia mwalimu nyuma yangu, halafu nikamsikia mbali, halafu sikumsikia. Ndiyo, nilimwacha mwalimu. Atasema alipunguza mwendo kwa makusudi. Sawa, aseme. Mbele nikaona fulana za kijani zimepangwa kando ya barabara, nikasikia mwenye duka akipiga kelele, "Bwana mkubwa, usiangalie nyuma, ni nyumbani tu!" na nesi akipiga kifuniko cha sufuria aliyoazima kwa mama wa chai. Nilipita katikati yao nikaenda kuangukia nyasi za mbele ya duka moja, chali.

Mwalimu akafika, akasimama juu yangu, saa yangu mkononi mwake. Alikuwa anahema. Hilo pia liandikwe.

"Saa mbili na dakika moja," akasema.

"Angalia tena. Mimi nilihesabu saa mbili kamili."

Akafungua daftari, akatoa kalamu, akaweka alama ya vyema. Nikainua kichwa kidogo nikaona.

"Hapana, mwalimu. Alama hata mtoto huchora. Andika kwa maneno."

"Niandike nini?"

"Unajua."

Alinitazama kidogo, halafu akachuchumaa hapo kwenye nyasi, akaandika bila haraka, kwa ule mwandiko wa ubaoni ambao hata mimi wa darasa la sita nausoma kutoka mbali. Akanigeuzia daftari. Majina yangu, yote matatu, na mbele yake: Amepita mtihani. Nikasoma. Nikasoma tena.

Nesi akaniletea fulana, akaiweka kifuani kwangu. Nikataka kuinuka niivae kama wenzangu, miguu ikakataa. Nikamnyooshea mwenye duka mkono.

"Kha! Mtu aliyefaulu hujiinua mwenyewe," akasema.

"Nani alikuambia? Vuta."