Maji Ndiyo, Zizi Hapana

Nawoi alizaliwa Namoruputh, akaolewa Kakuma, kando ya Tarach, ule mto mkavu wa mchanga. Mume alipokufa alimwachia boma la miiba, mbuzi kadhaa na binti mmoja, Akoru. Biashara ya mkaa sokoni ndiyo iliyomweka binti shule ya bweni kule Lodwar. Mimi nauza mbuzi soko hilohilo, kwa hiyo nilimwona akinyonywa, na nikamwona akijifunza.

Sisi Waturkana tunaombana. Mtu akishakusalimia, ejok, anaongeza: nipe tumbaku, nipe sukari, nipe hivyo viatu. Kuomba si aibu. Aibu ni kukataa kavukavu. Ndiyo maana mwenye akili hujifunza kujibu: leo sina, au, nipe wewe kwanza. Nawoi hakujifunza. Alitoa ili mtu aondoke, akidhani aliyepewa haombi tena. Kumbe aliyepewa ndiye anayerudi.

Shemeji yake, Lokaale, aliligundua hilo mapema. Alianza na tumbaku. Akaomba mbuzi wa maziwa. Akaomba koti la marehemu, akalivaa papo hapo. Halafu siku moja alikuja na kigoda chake, kile cha kukalia mchana na kulazia kichwa, akakaa langoni.

"Shemeji, mtoto anafunga shule lini?"

Nawoi akamtajia siku. Hakumuuliza kwa nini anataka kujua.

Tangu hapo Lokaale aliacha kuomba. Anakuja, anakaa, anaondoka mikono mitupu. Hilo lilimtisha Nawoi kuliko kuombwa. Baadaye watu wakasema Lokaale anaonekana kwenye malisho ya Lomenen, mzee mwenye wake na ngamia wengi, wakichagua wanyama pamoja. Mwanamume maskini hachagui ngamia bila sababu.

Nawoi alimweleza Jeanine, Mkongo anayeuza vitenge karibu na mkaa wake.

"Mama Akoru, weye unatoaka tu kama bomba imepasuka," Jeanine alimwambia.

"Nikikataa watanisema."

"Waseme! Mimi wananisemaka kila siku. Unaona nimekonda?" Akajipiga kiuno, na kiuno hicho kilikuwa ushahidi tosha.

Wakaanza mafunzo ya kukataa. Kijana mmoja alinunua mkaa wa kopo, akataka apewe na gunia la kubebea. Nawoi akampa. Jeanine akashika kichwa.

"Umeuza mkaa ao umeuza gunia? Mutu akikuomba vitu viwili ndani ya kimoja, pasua katikati. Umupe kimoja."

Mwanzoni Nawoi alinong'ona. Wateja walimcheka, akarudia. Kufikia mwisho wa muhula alikuwa anasema, "Mkaa ndiyo, gunia hapana," mpaka mbuzi wangu wanageuka.

Shule zikafungwa. Akoru akashuka kutoka Lodwar na sanduku lake, na alasiri hiyohiyo vumbi likainuka upande wa Tarach kabla mtu yeyote hajaonekana. Nyuma ya vumbi alitokea Lokaale, amevaa lile koti. Kisha Lomenen, wanaume wenye fimbo, ngamia, na mbuzi wa kujaza uwanja.

Lokaale hakumtaja msichana hata kidogo.

"Shemeji, wanyama wana kiu. Fungua zizi, wanywe."

Ujanja ulikuwa hapo. Kwetu maji hayanyimwi. Lakini wanyama wa mahari wakishanywa ndani ya zizi la mama mtu, hawatoki bila binti. Kila aliyesimama pale alijua, na Akoru, ndani ya nyumba, alijua pia. Lokaale alikuwa tayari ameshika tawi la miiba linaloziba lango.

Nawoi alitazama mkono ule. Kisha akaingia ndani, akatoka akiburuta karai, akalipitisha mbele ya Lokaale na kuliweka nje, mbali na uzio. Akamimina mtungi baada ya mtungi.

"Maji ndiyo," akasema, kwa sauti ile ya sokoni. "Zizi hapana."

Lokaale akacheka. "Mbona umekasirika? Kuna mtu amekuomba kitu kingine?"

"Hakuna. Basi wanywe, mwende."

Kicheko kikaisha. Lomenen akamgeukia Lokaale.

"Uliniambia mama amekubali."

"Hajawahi kukataa."

"Sasa nimesikia akikataa," Lomenen akasema. Alingoja ngamia wa mwisho ainue kichwa, akawaswaga wote kurudi walikotoka. Hakuaga.

Lokaale hakuondoka nao. Aliweka kigoda chake palepale langoni, akakaa.

"Shemeji, shule inafunguliwa lini?"

"Kwa nini unauliza?"

Lokaale alikilaza kigoda, akaweka shingo juu yake, akajinyoosha kwa upana wa lango atakalopitia Akoru kurudi shule, macho wazi. Nawoi akalivuta tawi la miiba mpaka likaziba, kisha akaketi upande wa ndani, naye akamtazama.